Mama Vioo na Ukingo wa Damu

Saa mbili na robo asubuhi. Mama Vioo anadondosha tone la mafuta juu ya kioo kilichopakwa damu, anainamia hadubini, kisha anafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: anarudia kazi ya mwenzake.

"Natafuta kasoro," anasema bila haya. "Wivu nao ni kazi, unataka mtu mwenye bidii."

Ana miaka ishirini na mitatu katika maabara hii ya hospitali, chumba chenye meza mbili na sinki linalovuja. Miezi saba iliyopita aliletewa binti msomi, naye akambatiza jina la Shahada. Tangu hapo madaktari wakipiga simu humuulizia "yule dada".

Ndipo kikaja kioo cha damu ya fundi cherehani mmoja: mchovu, viganja vimepauka, fizi zinatoka damu. Shahada alihesabu chembe katikati ya kioo. Nyekundu zilikuwa kubwa kupita kiasi, nyeupe chache. Akaandika: yaelekea ni upungufu wa vitamini B12. Maana yake, achomwe sindano, aende zake nyumbani.

Mama Vioo akaenda ukingoni, damu inapoishia nyembamba, kwani chembe kubwa husukumwa huko kioo kinapopakwa. Akazikuta chembe changa, zisizokomaa, na ndani ya moja kijiti chekundu chembamba kama sindano. Upungufu wa vitamini hauleti kijiti hicho. Hiyo ni alama ya saratani kali ya damu, aina ya mailoidi.

"Nilipiga makofi. Nimemkamata! Halafu nikakumbuka damu ile ina mwenyewe. Nikajiona mchawi."

Akaenda meza ya pili.

"Mwanangu, ulipita ukingoni?"

"Mama, umeanza tena?"

"Chungulia kwanza, utaninunia baadaye."

Shahada alichungulia, akarukia simu. Fundi alikuwa keshafika dirisha la dawa, akaitwa arudi.

Kipimo cha uboho wa mifupa kilithibitisha: chembe changa asilimia arobaini na moja. Matibabu yakaanza wiki hiyo hiyo. Daktari akatuma shukrani nyingi, kwa Shahada. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu.

"Nilivimba kwa hasira siku mbili. Shahada alimpigia daktari akamweleza ukweli, lakini fundi mpaka leo anamwombea dua yule dada."

Hata hivyo Mama Vioo anataka fundi apone, apone kabisa.

"Akimaliza dawa nitampima kwa mkono wangu. Nitaupita ukingo wote, chembe kwa chembe. Safari hii naomba nitafute, nikose."