Shemeji Amenuna Redioni

Mimi ni dereva wa mlima, na dereva wa mlima hulala na viatu. Kambi yetu iko nusu ya njia, mahali ambapo mtu bado anapumua kama binadamu. Kule kileleni, kwenye darubini kubwa ya kutazamia nyota, hewa ni haba. Ubongo ukikosa hewa haupigi kelele. Unafifia taratibu huku mwenyewe akijiona mzima. Dawa ni moja, kushuka haraka, la sivyo mtu anafia hukohuko. Ndiyo maana redio hulala kando ya mto wangu, na ndiyo maana nimeota mvi kabla ya wakati.

Mwendesha darubini wetu tunamwita Mama Blanketi, kwa sababu koti la kazi halimtoshi, lazima ajitupie blanketi lake juu. Hupanda jioni na kushuka alfajiri na usingizi wa watu watatu usoni. Hukesha na fundi wa kuba, anayetunza lile paa la chuma linalofunguka na kuzunguka. Fundi ni mume wa mdogo wake. Mama hukaa chumba cha mitambo, fundi hukaa kubani, na kanuni inataka waitane redioni kila mara, kila mmoja ahakikishe mwenzake ana akili zake. Lakini "niko sawa" hata mlevi husema. Kwa hiyo wawili hawa walipimana kwa utani.

"Wewe, mdogo wangu alikuokota wapi?"

"Mimi ndiye niliyemwonea huruma, shemeji. Mtu ana dada kama wewe, nani mwingine angethubutu?"

Jibu likitoka haraka na lina pilipili, ubongo una hewa. Likichelewa, mtu anavishwa oksijeni. Mimi huku chini hucheka peke yangu kama chizi, kisha nalala.

Wiki ile hapakuwa na utani. Fundi alikuwa ameanza kuumwa kichwa akamficha daktari. Mama Blanketi akamwambia mdogo wake, na nyumbani kukawaka moto. Fundi akanuna, mwanamume mzima, kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Alipanda gari langu bila salamu, akaenda kukaa nyuma na masanduku.

Usiku redio ikalia. "Fundi, umefunga mlango wa chini?"

"Nimefunga."

"Kichwa je?"

"Hakiumi."

Nikaketi kitandani. Sasa huyu kanuna, au anaishiwa hewa? Mtu aliyenuna hujibu kwa mkato, na aliyeishiwa hewa hujibu vivyo hivyo.

"Fundi, umefunga mlango wa chini?"

"Nimeshasema nimefunga!"

Nikasema basi, fundi amezorota, ndiyo maana anaulizwa tena. Nikavaa koti na kutafuta funguo.

"Fundi, umefunga mlango wa chini?"

Maneno yaleyale, sauti ileile, kama mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza. Fundi akafoka, "Shemeji, unanichokoza? Sijibu tena!" Akazima redio yake.

Nilibaki nimeshika kitasa, nisijue pa kuuweka mwili wangu. Tulikuwa tunampima asiyeumwa. Nikabonyeza redio. "Mama, dereva hapa. Hebu nitanie."

"Niko sawa, baba," alijibu kwa upole. "Niko sawa kabisa."

Kule juu taa za gari ni marufuku, mwanga huharibu kazi ya darubini. Tunapanda kwa vijitaa vya pembeni, tukipapasa kona. Usiku ule niliwasha taa zote. Nyota zina umri mkubwa, zingevumilia. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nikiomba kwa sauti.

Fundi nilimkuta anafuta grisi mikononi. "Shemeji yako!" nilipiga kelele. Hakuuliza zaidi, alinipita mbio. Mama Blanketi alikuwa ameketi wima, blanketi limeanguka, midomo imebadilika rangi, anabonyeza redio na kuuliza habari za mlango. Tulimbeba, tukamvisha kinyago cha oksijeni, nikageuza gari.

"Aliniuliza mara tatu," fundi alisema huko nyuma, amemkumbatia. "Nikadhani ni uchokozi. Nitamwambia nini mke wangu?"

Nilikaza macho barabarani.

Katikati ya mteremko Mama alikivua kinyago, akaparamia mlango. "Simamisha gari! Mmemwacha shemeji yangu juu!"

"Niko hapa, shemeji."

"Yuko peke yake. Anaumwa kichwa, na amenikasirikia, hata redio hajibu."

Niliwasha taa ya ndani ili amwone. Alimtazama fundi usoni kwa muda mrefu, kisha akamshika mkono kwa adabu zote.

"Samahani, kaka," alimwambia, "unaonekana mtu mwema. Nisaidie kumtafuta shemeji yangu. Ni mbishi, lakini mdogo wangu anampenda sana, na mimi pia."

Fundi alimrudishia kinyago, machozi yakimdondokea mikononi.

"Tutampata, dada," alisema. "Vuta hewa kwanza."