Kwa Nini Si Sifuri

Mkubwa wangu kwenye zahanati, muuguzi wa siku nyingi, alitaka wagonjwa wa kifua kikuu wanaokunywa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, wagombezwe mpaka waogope. Mimi, mshauri nasaha, nilikataa. Nilikulia mtaa wa Kaloleni na baba aliyegombezwa na mama, mchungaji na majirani wote. Alikufa akinywa.

Siku moja aliingia fundi wa mashua kutoka ufuo wa Dunga, aliyekuwa ameacha kumeza dawa wiki nzima. Aliketi upande, kofia imemfunika macho.

"Anza," akasema. "Nimekuja kutukanwa."

"Sikutukani, mzee. Chang'aa inakusaidia nini?"

Akanitazama kama niliyemtegea mtego. "Usingizi. Tangu mke wangu afariki, silali."

"Nyumba imekuwa kubwa."

"Kubwa sana."

Muuguzi alikuwa mlangoni akisikiliza. "Mwambie atakufa," akasema. Nikasimama, nikamwomba atoke, nikafunga mlango.

Nikamuuliza fundi: kutoka sifuri hadi kumi, hamu yake ya kuacha chang'aa ni ngapi?

"Tatu," akajibu, akingoja karipio.

"Kwa nini si sifuri?"

Akaweka mkono wa kulia mezani. Ulikuwa ukicheza.

"Juzi nilipigilia msumari vibaya. Mwenye mashua hakuona. Mimi niliona. Na watu watapanda hiyo kitu."

"Hutaki mtu azame kwa sababu ya mkono wako."

"Sitaki."

"Sasa unafikiria kufanya nini?"

Akasema kesho ataung'oa ule msumari. Halafu, polepole, akasema atameza dawa kila asubuhi kabla ya kushika nyundo, na siku za kazi hatakunywa. Niliyaandika maneno yake vile vile alivyoyatoa, bila kuongeza langu.

Wiki hiyo nilipewa barua ya onyo kwa kumfungia muuguzi mlango, nikatakiwa kumwomba radhi kwa maandishi. Sikuomba.

Fundi alianguka mara mbili, akanywa siku ya kazi. Mara zote mbili alirudi mwenyewe, akinuka pombe, akanieleza. Dawa alizimaliza. Jumapili bado anakunywa kidogo, na muuguzi hulitaja hilo kuonyesha kwamba nilishindwa. Mimi humjibu kwamba kipimo cha mwisho cha makohozi kilitoka safi, na sikumtisha yule mzee hata siku moja.