Nilivyopeleka mama na wanawe wa udongoni ukweni Mutsamudu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Miaka ile kisiwa cha Ndzuani kimejitenga na Komoro, mimi nilikuwa Moroni, mji mkuu, fundi uashi kutoka Amani, Tanga. Mchumba wangu Zaituni yuko kwao Mutsamudu, huko Ndzuani. Meli za kwenda huko zimesimama, simu hazishiki. Posa ilishapokelewa, ila mama yake alianza kusita: mgeni, tena anatokea Moroni.

Kwao mume ndiye anahamia kwa mke, na nyumba wanajenga wazazi wa binti. Ndiyo, fundi mzima nahamia nyumba nisiyoiwekea hata tofali. Chekeni tu.

Sasa bwana harusi akipeleka vitu, wanawake wa mtaa wanavikagua kimoja kimoja.

Wenzangu wakasema peleka mchele, kule kuna vikwazo, chakula hakiingii. Nikabeba gunia moja. Halafu kwa ubishi wangu nikaongeza ndoo ya miche ya iliki, dada alinitumia kutoka Amani na udongo wake.

Boti ya magendo ikatushusha Mirontsy, jirani na Mutsamudu, nikamalizia kwa miguu.

Mchele ulipita vizuri. Mama mkwe akamimina ndoo kwenye sinia, udongo ukaanza kutikisika. Wanawake wakarudi nyuma.

"Kaleta nyoka," mmoja akasema kwa lugha yao, neno la nyoka nikalishika.

Wakuu, niliogopa. Nilijua Zaituni ndiyo basi tena.

Kumbe si nyoka wala mnyoo. Ni ndugu wa chura, hana miguu, maisha yake ni kuchimba. Amani tunawakuta tukilima. Huyu alikuwa mama, amejikunja, vitoto vinamkwangua ngozi. Ndicho chakula chao. Ngozi ya mama inanenepa, wanaila, inaota nyingine.

Nikapiga magoti nikaeleza. Mama mkwe aliwahi kufanya biashara Unguja, Kiswahili anakijua. Akainama kuangalia.

"Haumii?"

"Haumii, mama."

Akawatafsiria wenzake. Mwaka ule wengi wao walikuwa wanashinda njaa ili watoto wale. Mmoja akasema kitu, wote wakaangua kicheko mpaka machozi.

Mama mkwe akanigeukia: "Anasema mama huyu ni jirani yetu, tumpe kiti."

Kisha akachukua mkono wangu. "Vua viatu, mwanangu. Zaituni yuko ndani."

Nilichojifunza: ukweni ukibanwa, usijitetee. Eleza unachokijua kwa ukweli, watu watajiona humo wenyewe.

Na ninyi, nani aliwahi kunusurika ukweni? Tiririkeni, nasoma zote.