Maili Tatu Bila Saa

Chuoni pale waliniita kocha, lakini nilikuwa nimeajiriwa kufyeka nyasi. Shule niliiacha darasa la sita. Nikawa utingo wa malori ya pamba, kisha mpakua mizigo bandarini Mwanza, kisha nikapanda meli hadi Kisumu na kuendelea mpaka Nairobi, si kwa shida yoyote, ila nilitaka kuona treni inavyopanda milima. Huko nilipata kazi ya kufagia uwanja wa michezo. Nilifagia taratibu sana, maana nilikuwa nawasikiliza waliokuwa wakifundisha wakimbiaji. Niliporudi kwetu, mifuko mitupu na kichwa kimejaa, nikaomba kazi katika chuo kidogo cha ualimu kusini mwa mji, upande wa Nyegezi. Wakanipa fyekeo na ndoo ya chokaa.

Siku moja jioni nikamwona mwanafunzi mmoja akizunguka kiwanja peke yake. Miguu yake ilikuwa mizuri ajabu, lakini mikono aliirusha huku na huku kama anayefukuza nyuki.

"Mikono yako inapigana na nani?" nilimwuliza.

Akasimama, akaitazama. "Kumbe na mikono inakimbia?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kocha. Kijana huyu alitoka upande wa Ilemela, kwa wafugaji, na alikuwa amekimbia tangu utotoni bila mtu kumwambia kwamba anakimbia. Kila jioni nilimpa nilichookota Nairobi: pumua hivi, shusha mabega, usimalize nguvu mzunguko wa kwanza. Alishika kila neno. Hajawahi kutokea mtu aliyeniamini kiasi kile, na mara nyingine nilipomwona anatingisha kichwa kukubali, nilitamani kumwambia kwamba nusu ya hayo nayakisia.

Fedha ya michezo chuoni ilitoka mahali pamoja tu, kwenye shamba la pamba. Wanafunzi walilima, wakapalilia, wakachuma, na kilichopatikana kwenye mizani ya chama cha ushirika kikawa ndicho cha mwaka mzima: mipira, nyavu, nauli, kila kitu. Mwaka ule wa Uhuru wachezaji wa mpira walitaka viatu. Walikuwa wakicheza pekupeku na timu za mjini zilizovaa viatu, wakarudi wanachechemea, wengine kucha zimeng'oka. Haki ilikuwa yao, na walikuwa wamelima.

Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikapinga. Dar es Salaam walikuwa wanachagua wakimbiaji wa michezo ya sherehe za Uhuru, na kila chuo kilitakiwa kupeleka muda wa mkimbiaji wake, umepimwa kwa saa ya mbio, umetiwa sahihi na kocha na mkuu wa chuo. Nikasema tununue saa. Nikasema bila saa, kijana wetu ataendelea kuwa mtu anayekimbia tu, kama mtu anayewahi basi.

Nahodha wa mpira akanyanyuka. "Kwa hiyo sisi tuvae saa miguuni?"

Ukumbi mzima ukacheka, hata mimi. Lakini mkuu wa chuo, mzee mpole aliyependa mtu anayeongea kwa bidii, akakata shauri upande wangu. Saa ikanunuliwa. Pamba yote ya mwaka ikaingia kwenye kitu kinachoenea kiganjani.

Nilimwuliza kijana kwa nini anataka sana kwenda Dar es Salaam. Nilidhani atasema bahari au magari.

"Nchi itakuwa na fulana yake," alisema. "Nataka kuivaa kabla haijafuliwa."

Siku ya kupima ilikuwa Jumamosi, baada ya mavuno. Mkuu alitangaza kiingilio kidogo ili tupate nauli ya kijana endapo atachaguliwa, na watu walikuja wengi, wengine kwa baiskeli hata kutoka Misungwi. Kilichotuponza ni kwamba majira yale ndiyo ya ngoma. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ua wetu wa minyaa, vikundi viwili vilikuwa vimepanga kushindana siku hiyohiyo. Kwetu ngoma za namna hiyo hazina mwamuzi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na lile linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila kundi hutafuta kioja ambacho mwenzake hana.

Ngoma zilipoanza, watu wetu wakaanza kupungua. Walitoka wawiliwawili, kwa aibu kidogo, kama wanaotoka kanisani wakati wa mahubiri.

Mbio zilikuwa za maili tatu, mizunguko kumi na miwili. Kijana alikimbia na wenzake watatu wa kumsindikiza. Mwalimu mmoja alihesabu mizunguko, mkuu alikaa kitini chini ya mwavuli, na mimi nilishika saa. Nikapuliza filimbi, nikabonyeza. Tangu mzunguko wa pili aliwaacha wenzake, mabega chini, mikono imetulia, na mimi nikajisikia kama mtu aliyejenga nyumba.

Ndipo mtu mmoja akapenya minyaa akirudi kumwita nduguye. "Njoo uone! Wana sanamu ya mti inaomba ugoro! Inafungua mdomo!"

Laiti angesema sanamu inacheza, ningekaa. Sanamu za kucheza nilishaziona. Lakini inafungua mdomo kwa namna gani? Mti haufungui mdomo. Nikamtazama kijana, nikaona bado mizunguko mingi. Maili tatu si mbio za kufumba na kufumbua. Saa ilikuwa inakwenda mfukoni mwangu, haikunihitaji mpaka mwisho. Nikajiambia natazama mara moja tu, narudi. Nikapita kwenye minyaa.

Sanamu ilikuwa ya mwanamume mwenye macho ya maganda ya konokono, amesimama juu ya jukwaa dogo lililofunikwa kitambaa. Mwimbaji alipomwuliza swali, alitingisha kichwa, kisha mdomo ukafunguka, na watu wakapiga kelele na kumtilia ugoro. Mimi sikutazama mdomo. Nilijipenyeza hadi mbele, nikachuchumaa, nikainua ncha ya kitambaa. Chini yake alilala mtu chali, jasho linamtiririka, amefunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu. Alikunja kidole, mdomo ukafunguka. Alininong'oneza kwa Kisukuma niondoke, la sivyo atanipiga teke. Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Kisha nikasikia makofi machache kutoka upande wa kiwanja.

Nilipofika alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema. Alinyanyua uso, umejaa furaha. Alijua. Mtu aliyekimbia vile hujua mwenyewe.

"Ngapi, kocha?"

Nikaitoa saa. Ilikuwa bado inakwenda.

Mwalimu wa kuhesabu mizunguko alitazama chini. Mkuu akanivuta kando, akaniuliza taratibu, "Ulikuwa wapi, wewe?" Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Barua ya muda wake ilipaswa kuondoka na treni ya usiku ule. Treni iliyofuata isingewahi.

"Wewe unazijua mbio zake," alisema mwishowe. "Andika unachokadiria. Nitatia sahihi."

Kalamu niliipokea. Ningeandika, na huenda ningeandika sawasawa kabisa. Lakini kijana alikuwa amekuja nyuma yetu.

"Samahani, mwalimu," alimwambia mkuu. "Nitarudia."

"Utarudia nini, mwanangu? Umechoka."

"Nitapumzika wenzangu wakicheza mechi yao ya mpira. Kisha nitarudia." Wala hakunitazama kwa ubaya. Aliniuliza tu, kama jioni zote nyingine, "Kocha, ninywe maji kiasi gani?"

Nilipaswa kukataa. Nilijua miguu yake haina maili tatu nyingine za namna ile siku hiyo. Lakini nilitaka arudie ili kosa langu lifutike, na nikamwambia anywe maji kidogo tu.

Alianza jua limeshuka. Mzunguko wa tano mikono ikaanza kurukaruka kama zamani. Wakati huo ngoma zilikuwa zimekwisha, na watu wakarudi kupitia minyaa, wa kundi lililoshinda na wa lililoshindwa, na habari ikasambaa kwamba yule pale anakimbia mara ya pili. Basi wakajipanga kuzunguka kiwanja. Wanawake wakapiga vigelegele, wapiga ngoma wakampigia ngoma kila alipopita. Hata wale wacheza mpira walikuwa wanakimbia kando yake na miguu yao mitupu, wakimpigia kelele asilegee. Alipomaliza walimbeba juu. Kwa desturi yetu alikuwa ameshinda siku nzima, maana watu wote walikuwa kwake.

Akiwa juu ya mabega yao alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimebonyeza saa sawasawa safari hii. Nilitikisa kichwa kumwonyesha kwamba muda hautoshi. Alinitazama kidogo, kisha akawapungia watu mkono, maana walikuwa wanamsubiri.

Muda ule ndio tuliopeleka, na hakuitwa. Wiki zilizofuata wacheza mpira hawakunigombeza. Nilipopita na fyekeo langu waliniuliza tu, kwa heshima zote, "Kocha, saa ngapi sasa hivi?" Niliondoka chuoni kabla ya Uhuru, kama nilivyoondoka kila mahali, na sherehe nilizisikia kwenye redio ya duka ng'ambo ya ziwa. Walipotaja michezo nikatoka nje.

Lakini kabla sijaondoka alikuja kunisaidia kumwaga chokaa mpya kwenye mistari. Tulimaliza upande mzima. Kisha akaniuliza, bila kunyanyua kichwa kutoka kwenye ndoo.

"Kocha. Ile sanamu, mdomo ulifunguliwaje?"

Nikamwambia juu ya mtu aliyelala chini ya kitambaa, na kidole gumba.

Akangoja, kana kwamba bado sijamaliza.

"Kamba tu?"

"Kamba tu," nikasema.

Akachukua ndoo, akaendelea na mstari.