Maharagi ya Marehemu Agnès

Mimi Sifa ninauza mawese pale soko la Nyawera. Meza yangu imegusana na ya Apolline wa maharagi, kwa hiyo niliona yote kwa macho yangu, asije mtu kunisahihisha.

Apolline ana aina saba. Ile ndogo nyekundu ndiyo roho yake: mbegu aliyoachiwa na mama yake, marehemu Agnès wa Kabare. Inaiva upesi, makala ya moto hata hayajaungua nusu. Kila mwaka anaweka kidebe kimoja cha kupanda, na sokoni hakuna mwingine aliye nayo.

Mwezi wa nane akaja Papa Héritier, mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa anapima urefu, uzito na rangi ya kila punje, halafu ordinateur, ile kompyuta yake, inagawa mafungu yenyewe bila kuambiwa majina. Apolline akampa kidogo cha kila aina, lakini ile ya mama akampa kidebe chote cha kupanda, ili jina la Agnès liandikwe kwa kitabu. Nilimkataza. Nani ananisikiliza mimi?

Baada ya wiki mbili Papa Héritier akarudi na mifuko mitatu.

"Papa, nilikupa saba," Apolline akasema.

"Machine imepata mafungu matatu, maman. Ile ndogo nyekundu na ile nyekundu ya kila siku iko moja. Nimezichanganya, nikupunguzie kazi."

Apolline akamwaga mfuko kwenye ungo. Akatazama, akagusa, akauma punje moja. Mimi pia sikuona tofauti, Mungu anisamehe.

"Sifa, sielewi tena," akaniambia. "Kumbe mama alikuwa ananidanganya?"

Hasira zikanipanda. Nikawasha mbabula yangu, jiko la makala, palepale, tukapika konzi mbili za ule mchanganyiko. Muda si mrefu punje nyingine zikalainika, nyingine zikabaki ngumu kama changarawe. Kumbe ni mbili kweli. Papa Héritier akafurahi, akaandika.

"Muda wa kuiva sikuupima," akasema. "Maman, tupike zote basi, tuzigawe vizuri."

Apolline alikuwa anachagua zile laini kwenye sufuria, moja moja, anaziweka kwenye kiganja. Hizo za mama yake alizijua sasa, hata mimi nilizijua. Nje mvua ya kupanda ilikuwa imeanza, na zile za kiganjani zilikuwa zimeiva, haziwezi kuota; zile mbichi za mfukoni hakuna wa kuzitenganisha.