Kunde Zisizoonjwa

Mpaka leo nikisikia harufu ya bizari nyembamba inayokaangwa kavu, ulimi wangu unakuwa mchungu. Wajukuu wananicheka. Wananiona nimesimama mlangoni pa jiko, uso nimeukunja kama mtu aliyelambishwa shubiri, na huku chungu kinanukia hadi kwa majirani. Siwalaumu, maana hawajui. Nyinyi nitawaeleza, ila mnivumilie, kwani mimi nikishika habari ya kunde nakwenda polepole, kama zinavyoiva kunde zenyewe.

Nilikulia Kivinje, enzi za Mwingereza, katika nyumba ya wanawake watupu: bibi yangu mzaa baba, dada yangu Zuhura, na mimi. Mama alifariki akinizaa. Baba alikuwa na kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi, tukimwona sikukuu hadi sikukuu. Kwa hiyo aliyenilea ni Zuhura, naye alikuwa msichana mdogo tu wakati akinibeba mgongoni. Hata nilipokuwa nishapata akili zangu, nilikuwa silali mpaka nishike ncha ya kanga yake.

Mwaka ninaousema, Zuhura alikuwa ameposwa na nyumba ya Bi Siwema, mtaa wa pili. Siku ya harusi ilikuwa haijatajwa, na Ramadhani ikaingia. Kwetu, nyumba zilizoposana hupelekeana futari, na futari ya kwanza ya upande wa msichana lazima aipike msichana mwenyewe. Upande wa pili huila kimyakimya, kila mmoja anapima moyoni. Na watu walikuwa wameshaanza kusema. Binti asiye na mama, jiko kafundishwa na nani? Bibi yake macho yameingia ukungu, hata moto anaujua kwa kusikia joto lake. Maneno hayo yalitufikia, kama maneno yanavyofika siku zote. Nilimwona Zuhura anakaa na kipande cha muhogo mkononi wakati wa daku asikile.

Bibi alishauri achinjwe kuku. Zuhura akakataa. Akasema kuku hata mtu asiyejua atabahatisha, ila supu ya kunde ndiyo inayomuumbua mpishi. Tulikuwa na kunde nyekundu, mjomba alituletea kutoka Mitole, ngumu kama changarawe. Zinalowekwa usiku kucha, zinachemshwa mpaka zipasuke, nusu zinapondwa kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, kisha zinafuata tangawizi, vitunguu saumu, pilipili manga na ile bizari, vyote vimetwangwa pamoja. Tui jepesi linatangulia, tui zito linakuja mwisho, pamoja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Ukifungua mkungu uliofunikia chungu, mvuke wake unakutoa machozi kabla hujala.

Mimi nilikuwa na kazi yangu katika jiko hilo, kazi ya kuonja. Wenzangu wa rika moja walikuwa wameshaanza kufunga. Mimi homa zilikuwa haziniachi, kwa hiyo Bibi alinikataza, nikabaki peke yangu nyumbani mwenye ulimi halali mchana. Najua sheikhe wa msikitini alisema mpishi aliyefunga anaweza kugusisha ncha ya ulimi kisha akatema. Bibi alimsikia, akamheshimu, na akiingia jikoni akasema, “Sheikhe hapiki.” Katika nyumba yake, mwenye saumu hasogezi ulimi karibu na chungu, basi. Kila alasiri nilikuwa naitwa, natiwa mchuzi kwenye kiganja, nalamba, natoa hukumu, na wanangoja hukumu hiyo watu wazima wawili. Nilikuwa najisikia sana.

Tatizo ni kwamba nilikuwa sitaki Zuhura aolewe, na sikuwa nimeificha siri hiyo. Siku washenga walipokuja, nilichukua makubadhi yao nikayaficha kwenye banda la kuku, wakarudi kwao wamechelewa na wamekasirika. Nililia mbele ya wageni. Nilimwambia Zuhura kwamba akiondoka nitakufa, nami nilikuwa naamini kabisa. Kwa hiyo kila mtu alijua msimamo wangu.

Siku ya kupeleka futari, niliamka nina homa. Bibi akanipa kwinini ya dresa wa zahanati, akaikoroga kwenye maji kidogo, akaniziba pua ninywe. Wanaoijua wataelewa. Masikio yalivuma, na ulimi ukawa mchungu mpaka mate yakawa machungu. Nikalala kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, nikimtazama Zuhura anakuna nazi. Alikuwa akifanya kazi taratibu na kwa mpango, midomo imekaza, anahofia hata kudondosha kijiko.

Tui lilipokuwa linaanza kuchemka ndipo nilipotapika. Zuhura akatupa upawa, akaja mbio, akanishika kipaji cha uso, akaninawisha, akanibadilisha nguo, akanipepea mpaka nikatulia. Aliporudi kwenye chungu aliuokota upawa, kisha akasita.

“Bibi,” akasema, “chumvi nimetia?”

“Mimi nitajuaje, mwanangu?”

Akakitazama kifuu cha chumvi. Kilikuwa nusu, na hakukumbuka asubuhi kilikuwaje. Kilichobaki ni ulimi wangu. Akaniinua, akanitilia mchuzi kiganjani, nikalamba. Uchungu. Nikalamba tena, nikifunga macho kabisa ili nisikie vizuri. Sikuona chumvi wala pilipili, nikaona kwinini tu, na hivyo ndivyo nilivyosema.

Bibi akaguna. “Huyu hakutaka tangu mwanzo. Mtu aliyeficha makubadhi atashindwa kuficha chumvi?”

Hofu niliyoisikia wakati ule sijaisahau. Niliona wazi yatakayotokea: supu itaharibika, Bi Siwema atasema msichana hajui kupika, posa itavunjika, mtaa utacheka, na Zuhura ataishi maisha yake yote akiamini kwamba mimi ndiye niliyemharibia. Nilitaka kubaki naye, si kubaki naye ananichukia.

Zuhura alinitazama, akafuta mikono kwenye kanga. “Mwache, Bibi, mtoto anaumwa,” akasema. Kisha akakifunika chungu bila kugusa kifuu cha chumvi. Akasema ikipungua wataongeza wenyewe, lakini ikizidi hakuna wa kuitoa. Sauti yake ilikuwa imetulia, ila baadaye, akilifunga bakuli kwa kitambaa, alikosea fundo mara mbili.

Supu ikatiwa kwenye bakuli la maua ya samawati lililokuwa la mama, ikafunikwa kawa. Nani ataipeleka? Msichana aliyeposwa hakanyagi kwa wakwe, na Bibi angejikwaa kizingiti cha kwanza. Nikapewa mimi. Homa ilikuwa imeshuka kwa jasho, bakuli linaniunguza kifua kupitia kitambaa. Nilipita mtaa mzima nikiomba kimoyomoyo, “Ewe Mola, asiolewe, asiolewe.” Nilifikiri hata kujikwaa. Jiwe moja tu lingemaliza mambo yote. Lakini bakuli lilikuwa la mama, na kunde zile nilimwona Zuhura kwa macho yangu akizihangaikia.

Bi Siwema alikuja mlangoni mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha mikono kupokea. Nami sikuliachia bakuli.

“Mama,” nikasema, “dada anajua kupika. Hatujui kama chumvi imo. Mimi nilitapika, akaacha chungu akaja kunishika kichwa, ndiyo maana akasahau. Na mimi ulimi wangu una kwinini. Msiseme hajui kupika, mtakuwa mnamwonea.”

Akainama kunitazama vizuri. “Wewe ndiye wa makubadhi?”

“Ndiyo.”

“Unataka dada yako aolewe huku?”

“Sitaki.”

“Sasa mbona unamsemea?”

“Kwa sababu anajua kupika,” nikasema, na kilio kikanishinda. Akalichukua bakuli taratibu mikononi mwangu, akaniambia chombo kitafuata, nirudi nyumbani kabla adhana haijalia.

Chombo kilifuata kesho yake alasiri. Msichana wa kwao alikileta, akakiweka, akaondoka bila neno. Mnajua chombo cha futari hakirudishwi kitupu. Hutiwa tende, au mchele, au chochote cha heri. Zuhura akafunua kawa. Mlikuwa na chumvi. Chumvi tupu ya mawe, imejaa hadi ukingoni.

Bibi alitia mkono, akazisugua punje kwa vidole, akaukung'uta mkono wake. “Wametutukana,” akasema. Zuhura hakulia. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi na kuendelea kukuna nazi iliyokuwa imekwisha, mpaka akafikia kifuu. Na mimi, nitasema ukweli, moyo uliruka kwa furaha kwamba haendi popote, kisha nikayaona mabega yake yalivyoinama, furaha ikanitoka. Siku ile sikuweza kuishika kanga yake.

Siku ya pili wakaja wazee wao, wamevaa kanzu safi, wakamwita baba yetu mdogo, kwa kuwa baba alikuwa Lindi, wakazungumza barazani. Waliomba harusi iwe mfungo mosi, mara tu baada ya Idi. Bibi akauliza kwa sauti ya chini kuhusu chumvi. Wazee wakatazamana, hawakujua chumvi gani. Harusi ikafanyika, Zuhura akaenda zake mtaa wa pili, nami sikufa. Nililala na kanga yake ya zamani aliyoniachia.

Miaka ilipita mingi. Nilikuwa nishaolewa na nina wanangu, siku nilipokwenda kumtazama Bi Siwema, mzee sasa, kitandani. Zuhura ndiye aliyekuwa akimwuguza, na wakati huo alikuwa jikoni. Nikapata ujasiri, nikamwuliza mgonjwa habari ya ile chumvi.

Alicheka mpaka akakohoa. “Ile supu haikuwa na chumvi hata chembe. Nikarudisha bakuli na kilichokosekana, ili ajue tumeila na tumeikubali. Kumbe mlidhani matusi?”

“Sasa kama haikuwa na chumvi, mbona mlimchukua?”

“Nilimchukua kabla sijaionja. Pale mlangoni, na wewe umeng'ang'ania bakuli. Mtoto hataki dada yake aondoke, na bado anamsemea haki huku analia. Nikajiuliza, huyu kalelewa na nani? Nikasema huyo huyo aliyemlea ndiye ninayemtaka nyumbani kwangu. Mambo ya chumvi nitamwonyesha mwenyewe.”

Zuhura akaingia na uji, akatuuliza tunacheka nini. Nikampokea uji. Nilikuwa nawaza yule mtoto wa homa, aliyepita mtaa mzima na bakuli la mama kifuani akimwomba Mungu dada yake asiolewe, kisha akafika mlangoni akamwozesha kwa mdomo wake mwenyewe.