Niliandika MTEGO kwenye miti ya Murangi, kijiji kizima kikanikimbia

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sitii chumvi, maana hata bila chumvi yananiuma.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo, nafanya field ya wadudu wanaoishi kwenye magome ya miti. Kwetu ni Kigera, Musoma mjini, nikapanga chumba Murangi kwa wiki sita. Bila hizo data sihitimu.

Mtego wenyewe hauna maajabu. Unazungushia mti kipande cha boksi, unafunika na kiroba, unafunga kamba. Wadudu wanaingia kujificha. Kila baada ya siku tatu unafungua, unawakung'utia kwenye kopo la spiriti.

Nilifunga miti kandokando ya njia ya kwenda ziwani. Mwenyekiti wa kitongoji aliniruhusu. Ila nikaogopa watu watachezea, nikachukua marker pen, kila kiroba nikaandika: MTEGO. USIGUSE.

Msomi mzima!

Wiki ya kwanza nilisalimiwa vizuri. Ya pili, kimya. Nikiingia kibanda cha chai, benchi zima linabaki langu. Mama mwenye nyumba akawa ananiwekea ugali na dagaa mlangoni, anaondoka kabla sijafungua.

Nikajisemea hawa watu wana maringo. Nikanuna na mimi. Nilifika hatua ya kuongea na wadudu, wakuu. Kuna siku nililia kabisa, kopo mkononi.

Siku ya mwisho, wakati nafungua kamba, akatokea mama mmoja na ndoo kichwani. Akasimama mbali.

"Unaitoa? Sasa tutakuwa tunapitaga hapa?"

"Kwani nani aliwakataza, mama?"

"Si umeandika mwenyewe! Tulijua umeweka tego la uchawi, mtu akipita linamnasa. Tulikuwaga tunazungukia kule kwenye mawe."

Nikamfungulia kopo. Akaona vijidudu, akacheka mpaka maji yakamwagika. Halafu akapoa.

"Pole mwanangu. Tulikuonaga unakula peke yako. Tulikuonea huruma, ila nani angekusogelea?"

Saa moja baadaye nilikuwa kwenye gari la Musoma.

Data zilitimia, nilihitimu. Funzo nililopata: ukiona umetengwa, uliza. Mimi nilinuna. Ningeuliza wiki ile ya pili, ningekula na watu wiki nne nzima.

Nani mwingine alishawahi kuogopwa bila kujua? Shusheni visa vyenu, nasoma comment zote. Sina pa kwenda leo.